Picha za Mtawala, Sura za Watawaliwa

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Twaitumia methali hii zaidi katika mambo ya kugawana, lakini yafaa pia katika mambo ya kumbukumbu. Aliyekuwapo, tena akiwa ndiye mwenye kalamu, huandika lake. Asiyekuwa na kalamu huandikwa, na huandikwa vile apendavyo mwenziwe. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kuzitazama filamu za kale zilizopigwa India zama nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza, utawala uliokoma tarehe 15 Agosti 1947.

Filamu hizo zilikuwa zimefungiwa kwa miaka mingi katika ghala za hifadhi ambazo mwananchi wa kawaida hakuweza kuzifikia. Mwaka 2010 wataalamu wa vyuo vikuu na majumba ya hifadhi ya Uingereza walitoa orodha ya filamu zaidi ya 6,000 zihusuzo makoloni, na ndani yake zimo pia filamu zilizopigwa visiwani kwetu. Mwaka 2017 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, yenye makao yake London, iliweka hadharani katika intaneti mkusanyiko wa filamu za India za tangu 1899 hadi 1947. Hivi sasa kijana mwenye simu anaweza kuyaona mambo ambayo babu yake hakuruhusiwa kuyaona.

Hapana shaka hii ni neema. Walakini neema nayo ina adabu zake. Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba habari haipokelewi mpaka ajulikane msimulizi wake, na aliyemsimulia msimulizi huyo. Adabu hiyo tuliyofunzwa kwa maneno yatupasa kuitumia kwa picha pia. Watu wengi hudhani kwamba kamera haisemi uongo. Kamera kweli haisemi. Asemaye ni mwenye kamera, na baada yake mwenye kuiandikia picha jina.

CALCUTTA ISIYO CALCUTTA

Tuanze na mfano ulio mwepesi. Katika filamu za India zilizosalia, miongoni mwa zilizo kongwe kabisa imo moja fupi ya mwaka 1899, iliyopigwa kutoka juu ya chombo kikipita mtoni. Ukingoni yanaonekana majumba marefu, ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, na watu wanaooga na kufanya ibada zao. Jina iliyopewa na wauzaji wake wa London ni mandhari ya Calcutta kutoka mto Ganges.

Basi mji ule si Calcutta. Ni Varanasi, mji mtukufu wa Wahindu, ulio mbali na Calcutta kwa mamia ya kilomita. Ni kama mtu aipige picha Mombasa kisha aiandike kuwa ni Lindi. Mwenyeji wa Varanasi angeuona mkanda ule mara moja tu angalisema: huu ni mji wetu. Lakini hakuulizwa. Mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa Uingereza, na kwake yeye mji wa Kihindi ulikuwa mji wa Kihindi tu. Jina likakaa hivyo katika orodha.

Yawezekana kosa hili halikuwa la makusudi. Lakini hilo ndilo la kuzingatia. Mtawala hakuhitaji kudanganya ili aiharibu kumbukumbu ya mtawaliwa. Ilitosha tu asijali.

SHEREHE YA DELHI

Ama zilikuwako filamu ambazo mtawala alizijali mno. Tarehe 12 Disemba 1911 Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walikaa juu ya viti vya enzi mjini Delhi mbele ya halaiki kubwa ya watu, na maharaja wa India wakapita mbele yao kutoa heshima. Siku hiyo Mfalme alitangaza kwamba makao makuu ya serikali yatahamishwa kutoka Calcutta kwenda Delhi, na kwamba mgawanyo wa jimbo la Bengal uliofanywa mwaka 1905 utabatilishwa. Makampuni kadhaa yalipeleka wapiga filamu. Kampuni ya Charles Urban ilitumia mtindo wa rangi ulioitwa Kinemacolor, na filamu yake ilipoonyeshwa London mwaka 1912, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, watu walimiminika kuitazama.

Kusudi la kazi ile halikufichika. Ilitakiwa Mwingereza wa kawaida, ambaye huenda chumba chake kilikuwa kinavuja, aone tembo, vito na majeshi, ajisikie kuwa naye ni mwenye dola. Leo filamu ile haipo kamili. Vimesalia vipande tu, na kimoja kilipatikana mwaka 2000 katika hifadhi ya Krasnogorsk, nchini Urusi.

Pamoja na hayo, hata siku ile iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa haikwenda yote kama ilivyopangwa. Mtawala wa Baroda, Sayajirao wa Tatu, alipofika mbele ya Mfalme aliinamisha kichwa kidogo, kisha akageuka akampa mgongo, ilhali utaratibu ulimtaka arudi kinyumenyume. Magazeti ya Uingereza yaliwaka moto, na mtawala huyo akalazimika kutoa maelezo. Iwapo alikusudia au alibabaika, wanahistoria wangali wanajadiliana. Lakini tukio lenyewe lilinaswa na kamera. Kamera iliyopelekwa kuonyesha utii ikarudi na mgongo wa mtu.

Hapa ndipo lilipo jambo la pili tunalotaka kulisema. Mwenye kamera huchagua wapi pa kuielekeza, walakini hawezi kuchagua kila kitakachoingia ndani yake. Kwa hiyo si haki kuzitupa filamu hizi tukisema kuwa ni propaganda ya mabeberu, basi. Propaganda ni kweli, lakini ndani yake wamo watu.

WENYEJI NAO WALISHIKA KAMERA

Tusije tukadhani kwamba Wahindi wenyewe walikaa kimya wakitazamwa tu. Filamu zilionyeshwa Bombay kwa mara ya kwanza katika Hoteli ya Watson tarehe 7 Julai 1896, na haikupita hata miaka minne mpiga picha mmoja wa mji huo, H. S. Bhatavdekar, aliyekwisha agiza kamera kutoka London, alikuwa amepiga filamu ya pambano la mieleka. Huko Calcutta, Hiralal Sen alianzisha kampuni yake, na Lord Curzon alipoigawa Bengal mwaka 1905 wananchi wakakutana kwa wingi katika Ukumbi wa Mji kupinga, Hiralal Sen akaupiga filamu mkutano ule.

Fikiri, ndugu msomaji, thamani ya mkanda huo: wananchi wa Bengal wakiusimamia umoja wao, miaka sita kabla ya Mfalme mwenyewe kutangaza kwamba mgawanyo ule utabatilishwa. Leo haupo. Filamu za Hiralal Sen ziliteketea kwa moto mwaka 1917, mwaka ule ule aliofariki. Mikanda ya siku hizo ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuzimika kwa shida. Hata katika zama za uhuru balaa hilo halikukoma: Januari 2003 moto uliteketeza mikanda mingi ya naitreti iliyohifadhiwa mjini Pune. Filamu bubu zilizotengenezwa India zilizidi 1,000. Zilizosalia ni chache mno.

Ambacho moto haukukichoma, sheria ilikizuia. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Filamu, na mwaka 1920 zikaundwa bodi za ukaguzi katika miji mikubwa. Kazi yake ilijulikana vema tarehe 12 Machi 1930, Mahatma Gandhi alipoondoka Sabarmati na wafuasi 78, kwa miguu, safari ya kilomita zipatazo 385 mpaka pwani ya Dandi. Tarehe 6 Aprili aliinama akaokota chumvi, akaivunja sheria ya serikali iliyohodhi chumvi na kuitoza kodi. Makampuni ya Bombay yalipeleka wapiga filamu, yakatengeneza filamu za safari ile. Bodi zikazipiga marufuku. Serikali iliyokuwa na bunduki, magereza na majeshi iliogopa watu wasimwone mzee akitembea.

Alitokea mtu mmoja aliyeamua kuitafuta haki hiyo ya kuona. Jina lake A. K. Chettiar, Mtamil, mwandishi na msafiri. Kuanzia mwaka 1937 alizunguka nchi nyingi, akibisha hodi katika makampuni ya filamu na kwa wapiga picha mbalimbali, akitafuta kila kipande kinachomwonyesha Gandhi. Alikusanya futi zipatazo 50,000 za filamu, na mwaka 1940 akatoa filamu yake katika lugha ya Kitamil. Picha za kiongozi wa taifa zilikuwa zimetawanyika katika rafu za watu wa nje, ikambidi mwana wa nchi azunguke dunia kuzikusanya.

DEBE LA MAFUTA YA TAA

Mwaka 1941 kampuni ya mafuta ya Burmah-Shell ilitoa filamu fupi inayoitwa Tins for India, kuhusu utengenezaji wa madebe ya mafuta ya taa kiwandani. Aliyeiongoza ni kijana wa Kibengali, Bimal Roy, yule yule ambaye watazamaji wa sinema wa visiwa hivi walikuja kumjua baadaye kwa filamu zake Do Bigha Zamin ya mwaka 1953 na Madhumati ya mwaka 1958.

Sisi wa visiwani, tuliotumia rupia sokoni mpaka kufikia mwaka 1936, hatuwezi kulitazama debe lile kama kitu cha kigeni. Neno lenyewe limetujia kutoka huko. Kwa debe tumeteka maji, tumepimia nafaka, tumeezeka mabanda. Kampuni ilitaka kuonyesha bidhaa yake. Lakini anayetazama leo huona kazi: bati, mashine, na wafanyakazi ambao jasho lao lilikuwa ndani ya kila debe lililovuka bahari. Hayo ndiyo tuliyosema, kwamba ndani ya filamu ya mwenye mali huwamo pia habari ya mfanyakazi, kwa atakayetaka kuitafuta.

FILAMU ZA NYUMBANI

Baada ya kampuni ya Kodak kuuza kamera ndogo za milimita 16 kuanzia mwaka 1923, maafisa wa Kiingereza, wakulima wa chai, wahandisi na wanajeshi waliokuwa India walianza kupiga filamu za nyumba zao. Kituo cha Mafunzo ya Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Cambridge kimekusanya nyingi katika hizo. Utaona watoto juu ya farasi wadogo, bustani za mawaridi, karamu, chui-milia aliyeuawa na wawindaji wakisimama juu yake. Na nyuma, au pembeni, utawaona wengine: yaya aliyemshika mtoto, mtunza bustani, mpishi, mchukuzi.

Nilizitazama baadhi ya filamu za namna hii katika kompyuta ya kijana mmoja jirani yangu. Tulikuwa na mzee mmoja wa mtaani, mwenye umri uliopindukia miaka 80, ambaye utotoni alitumika katika nyumba ya afisa wa Kiingereza hapa hapa visiwani. Sisi tulikuwa tukitazama magari na mavazi. Yeye alikuwa akimtazama yaya. Akauliza:

"Huyu mama jina lake nani?"

Kijana akasoma maelezo yaliyoandikwa chini. Jina la bwana lilikuwapo, na cheo chake. Majina ya watoto yalikuwapo. Hata farasi alikuwa na jina. Jina la yaya halikuwapo. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mimi pia nilipigwa. Bwana alikuwa na mashine yake, akaniambia nisimame pale na sinia. Sijapata kuiona picha ile mpaka leo. Iko kwao."

Hakusema kwa hasira. Lakini tangu siku ile sijaweza kuzitazama filamu za India kama nilivyokuwa nikizitazama kabla. Yule yaya alikuwa mama wa watu. Huenda wajukuu zake wako hai, na hawajui kwamba nyanya yao anatembea, anacheka, na kumfuta mtoto uso katika chumba cha hifadhi cha nchi ya mbali.

SIKU YA UHURU BILA KAMERA

Liko funzo moja zaidi, na hili twawaelekezea hasa wenzetu walio maofisini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliunda idara yake ya filamu, na kuanzia mwaka 1943 kila mwenye sinema nchini India alilazimishwa kuonyesha filamu za serikali, tena kwa kuzilipia. Mwaka ule ule wa 1943 njaa iliua watu wapatao milioni tatu huko Bengal. Picha zilizoustua ulimwengu, za watu wanaokufa katika njia za Calcutta, hazikutoka katika idara hiyo. Zilitolewa mwezi wa Agosti na gazeti la The Statesman.

Si ajabu basi kwamba wananchi waliichukia idara ile. Mwaka 1946 Bunge la India lilikataa kuipa fedha, ikafungwa. Uamuzi ule ulikuwa na haki yake. Lakini hakikuwekwa chombo kingine mahali pake, na tarehe 15 Agosti 1947 bendera ya India huru ilipopandishwa serikali mpya haikuwa na kikundi chake cha filamu cha kuipiga picha siku ile. Yaliyonaswa yalinaswa na makampuni ya nje na wapiga filamu binafsi. Idara ya Filamu ya India huru ilianzishwa mwaka 1948, baada ya arusi kwisha.

Hatuwacheki ndugu zetu wa India, kwani walikuwa na mazito mengi mwaka ule, ya kugawanyika kwa nchi na damu iliyomwagika. Lakini mwenye busara hujifunza kwa yaliyompata mwenzake. Kukivunja chombo cha mkoloni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuunda chako.

YATUPASAYO

Kwa maoni yetu, mambo manne yafaa kufanywa, na hakuna hata moja linalotaka mali ya kutisha.

Kwanza, nchi zilizotawaliwa zidai nakala kamili za filamu zilizopigwa kwao, pamoja na ruhusa ya kuzionyesha shuleni na katika televisheni bila ya kuomba kila mara. Kutazama filamu iliyo katika ghala ya mtu mwingine, kwa hisani yake, si sawa na kuwa nayo.

Pili, wazee waketishwe mbele ya filamu hizi wangali hai. Wao ndio watakaosema mtaa huu ni upi, ngoma hii ni ya nani, na huyu aliyeshika sinia ni mtoto wa nani. Kila mwezi unaopita jina moja huzikwa.

Tatu, maelezo ya zamani yasifutwe. Penye kosa liandikwe jina la kweli kando ya lile la uongo, ili vijana wayaone yote mawili na wajue namna walivyotazamwa wazee wao. Picha hizo hizo zaweza kusimuliwa upya. Mwongozaji Sandhya Suri alifanya hivyo mwaka 2018, alipozikusanya filamu za hifadhi ya London akatengeneza filamu yake Around India with a Movie Camera.

Nne, tuangalie na nyumbani kwetu. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko nchi nyingi za bara hili. Afisa aliyekabidhiwa mkanda wa aina yoyote, wa mkutano, wa mavuno au wa ngoma, aandike tarehe, mahali na majina ya watu, wadogo kwa wakubwa. Tukiandika jina la mgeni rasmi peke yake, tutakuwa tumerithi kamera ya mkoloni pamoja na tabia yake.

Mzee wetu yule bado yupo. Juzi aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kuandika barua huko Uingereza kuulizia picha ya kijana aliyeshika sinia. Nilimwambia tutajaribu. Barua hiyo, ndugu wasomaji na ndugu maafisa, haifai kuandikwa na mtu mmoja.